Kamera za Nyumbani na Ghala la Mtandao: Usalama, Stara na Lugha katika Mji wa Isiolo

Utangulizi

Mji wa Isiolo uko karibu kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inakutana na tambarare kavu za kaskazini. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo. Aliyetaka kuendelea hadi Marsabit na Moyale alijifunga kibwebwe kukabiliana na vumbi na makorongo. Hali hiyo ilibadilika katika muongo wa 2010, barabara ya kwenda Moyale ilipotiwa lami na uwanja wa ndege wa Isiolo ukafunguliwa mwaka 2017. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Pamoja na barabara zilikuja biashara, nyumba za mawe na mali ya kulindwa. Ua wa miiba, mbwa na bawabu wa usiku, ambao ndio ulinzi uliozoeleka tangu zamani, sasa wanaongezewa kamera.

Makala haya yananuia kueleza jinsi mfumo wa kamera za nyumbani unavyofanya kazi pale picha zake zinapohifadhiwa katika ghala la mtandao lililomo humo humo nyumbani. Yatachambua viungo vya mfumo huo, hesabu ya nafasi ya hifadhi, masharti ya mazingira ya Isiolo, ulinzi wa mfumo wenyewe, na hatimaye sheria na stara. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mwenye nyumba asiyeuelewa mfumo wake hawezi kusemwa kuwa anaumiliki. Maadamu Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, lugha inayomkutanisha mwenye nyumba na fundi wake aghalabu ni Kiswahili. Kwa hiyo suala la kamera ni suala la lugha pia, na wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao ndani yake.

Suala la istilahi

Katika magazeti na vyombo vya utangazaji, vifaa hivi huitwa kwa majina mbalimbali: kamera za CCTV, kamera za usalama, na mara nyingine kamera za siri. Jina la mwisho linapotosha. Kamera iliyofungwa juu ya lango, ikaonekana na kila mpita njia, haina siri yoyote; tena, kama itakavyobainishwa hapa chini, msingi wa sheria ni kwamba anayepigwa picha ajue. Anayezoea kusema kamera za siri huzoea pia kudhani kwamba kificho ndicho kiini cha kazi yake. Makala haya yatatumia istilahi kamera za usalama.

Istilahi ya pili ni ghala la mtandao. Hiki ni kifaa chenye diski moja au zaidi kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani, nacho hupokea picha kutoka kwa kamera zote, huzipanga kwa tarehe na saa, na kumwezesha mwenye ruhusa kuzitazama kupitia simu au tarakilishi. Wafanyabiashara wa vifaa hukiita kwa kifupi NAS. Neno ghala linafaa kwa sababu linabeba dhana zote zinazohitajika: mahali pa kuweka akiba, penye mlango, penye kufuli na penye mwenye ufunguo. Tofauti yake na kinasa cha kawaida ni kwamba kinasa huuzwa pamoja na kamera za aina moja na hufanya kazi hiyo pekee, ilhali ghala linaweza kupokea kamera za watengenezaji tofauti na kuhifadhi pia nyaraka za familia.

Istilahi nyingine zitakazotumika ni ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa nyumbani na intaneti; swichi ya mtandao, ambayo hugawa kebo kwa vifaa vingi; na nywila, neno la kumtambulisha mwenye ruhusa.

Usuli kwa ufupi

Wazo la kutazama mahali kupitia kamera na kioo cha televisheni lilianza kutekelezwa mwaka 1942 huko Peenemünde, Ujerumani, ambako mhandisi Walter Bruch alihusika katika kusimika kamera za kufuatilia urushaji wa maroketi kutoka mahali salama. Kuingia kwa wazo hilo majumbani kunahusishwa na mwanamke Mmarekani mweusi, Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa mtaa wa Queens jijini New York. Kwa kuwa alirudi nyumbani nyakati zisizo za kawaida na polisi walichelewa kufika walipoitwa, yeye na mumewe Albert walibuni mfumo wa kamera ya mlangoni, kioo cha kutazamia na kitufe cha kuita msaada. Waliomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Inafaa kukumbuka kwamba kamera ya nyumbani ilizaliwa na hofu ya mtu wa kawaida ambaye msaada wa dola ulikuwa mbali naye. Hali hiyo si ngeni kwa wakazi wengi wa kaskazini mwa Kenya.

Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilitoa kamera ya kwanza iliyounganishwa moja kwa moja na mtandao wa tarakilishi. Mwaka 2008 kampuni za Axis, Bosch na Sony ziliasisi ONVIF, chombo cha kuweka kanuni za pamoja ili kamera ya mtengenezaji mmoja isikilizane na kinasa cha mwingine. Kwa mnunuzi wa Isiolo kanuni hiyo ni muhimu. Kamera inayoitii inaweza kubadilishwa ikiharibika bila ya kununua mfumo mzima upya.

Viungo vya mfumo

Mfumo kamili una viungo vitano: kamera, kebo, swichi, ghala na chanzo cha umeme. Kamera zipo za waya na zisizo na waya. Zisizo na waya huvutia kwa wepesi wa kuzifunga, lakini kuta za mawe na mapaa ya mabati hudhoofisha mawimbi, tena hata hizo huhitaji umeme. Kamera za waya zina faida moja kubwa: kebo moja ya mtandao hubeba picha na umeme kwa pamoja. Kanuni iliyotolewa mwaka 2003 iliruhusu swichi kutoa hadi wati 15.4 kwa kila kebo, kiasi kinachoitosha kamera ya kawaida. Kebo hiyo isizidi mita 100, masafa yanayotosha boma la kawaida la mjini.

Uteuzi wa kamera hutegemea jambo linalotarajiwa kuonekana. Kuna tofauti kubwa baina ya kujua kwamba kuna mtu na kujua ni nani. Kanuni za kimataifa hupendekeza vitone vya picha, yaani pikseli, 25 kwa kila mita ya upana ili kugundua kuwapo kwa mtu, 125 ili kumtambua mtu anayefahamika, na 250 ili kumbainisha mtu asiyejulikana. Kamera yenye upana wa pikseli 1,920 hufikia kiwango hicho cha mwisho pale upana wa mahali panapotazamwa usipozidi mita 7.7, kwani 1,920 ikigawanywa kwa 250 ni 7.68. Kamera moja iliyofungwa juu ya paa kutazama uwanja wa mita 40 itaonyesha kwamba mtu alipita, wala haitaonyesha sura yake. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hufunga kamera moja ya kutazama uwanja mzima na nyingine ya kulitazama lango peke yake, katika kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu, ili kofia isifunike uso.

Hesabu ya hifadhi

Watu wengi hununua diski kwa kukisia. Hata hivyo, nafasi inayohitajika hupatikana kwa hesabu nyepesi ya kuzidisha. Tuseme kamera moja hutuma picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kasi ambayo ni ya kawaida kwa kamera ya pikseli 1,920 inayotumia mbinu za kisasa za kubana picha. Siku ina sekunde 86,400. Zao lake ni megabiti 172,800 kwa siku. Na kwa kuwa baiti moja ina biti nane, jumla ni megabaiti 21,600, yaani gigabaiti 21.6. Kamera nne zitahitaji gigabaiti 86.4 kwa siku, na kwa siku 30 gigabaiti 2,592.

Hesabu hii inajibu maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni ukubwa wa diski. Diski ya terabaiti 2 itatunza kumbukumbu za kamera nne kwa siku 23 hivi, na ya terabaiti 4 kwa siku 46, kisha ghala litaanza kufuta picha za zamani ili kuzipisha mpya. La pili ni swali la kwa nini picha zisitumwe moja kwa moja kwenye hifadhi ya kampuni za ng'ambo. Ili kutuma picha za kamera nne bila kukoma, nyumba itahitaji kasi ya kupakia ya megabiti 8 kwa sekunde usiku na mchana, na itatumia zaidi ya gigabaiti 2,500 kila mwezi. Anayenunua vifurushi vya data vya simu hawezi kumudu gharama hiyo. Isitoshe, mtandao ukikatika, kumbukumbu nazo hukatika. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ghala lililomo nyumbani ndiyo fimbo ya karibu.

Hifadhi ya mbali ina hatari nyingine pia. Mwezi Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani, na iliripotiwa kwamba waliweza kuona picha za kamera zipatazo 150,000 zilizokuwa hospitalini, shuleni na hata magerezani. Pale ambapo funguo za nyumba nyingi zimetundikwa mahali pamoja, mwizi mmoja anatosha.

Ghala lenye diski mbili linaweza kupangwa kwa mtindo wa kioo, ambapo kila picha huandikwa katika diski zote mbili. Diski moja ikifa, nyingine huendelea. Lakini kioo si akiba. Mwizi akilibeba ghala zima, amezibeba diski zote mbili. Kwa hiyo ghala lisiwekwe sebuleni kando ya runinga, mahali ambapo mwizi huanzia. Lifungiwe katika kabati yenye kufuli na matundu ya hewa, tena matukio muhimu peke yake, mathalani dakika chache ambazo mwendo umegunduliwa langoni usiku, yanakiliwe mahali pengine. Dakika hizo chache zinaweza kutumwa kwa data ya simu bila gharama kubwa.

Masharti ya mazingira ya Isiolo

Vitabu vya maelekezo vinavyoandamana na vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi na umeme usiokatika. Isiolo ina masharti yake, na yasipozingatiwa mfumo wa bei ghali utageuka pambo.

Sharti la kwanza ni vumbi. Kila kifaa cha nje hupewa alama ya kinga inayoanza kwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, na ya pili huhusu maji. Kamera ya Isiolo iwe na 6 katika nafasi ya kwanza, kama vile IP66 au IP67, maana yake vumbi haliingii kabisa. Hata hivyo vumbi hutua juu ya kioo. Usiku, taa za miale isiyoonekana zinapowaka, vumbi hilo pamoja na utando wa buibui humeta mbele ya lenzi na kugeuza picha kuwa ukungu mweupe. Kitambaa laini na dakika chache kila wiki, hasa wakati wa kiangazi, huondoa tatizo hili.

Sharti la pili ni jua. Isiolo iko karibu sana na mstari wa ikweta, hivyo jua huchomoza na kutua karibu na mashariki na magharibi mwaka mzima. Kamera inayoelekea pande hizo itapofuka kila asubuhi au kila jioni, saa ambazo watu wengi huingia na kutoka. Inapowezekana, kamera ielekee kaskazini au kusini. Ghala nalo lisiwekwe juu ya dari chini ya mabati, ambako joto la mchana hupunguza maisha ya diski.

Sharti la tatu ni umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Giza kama hilo ndilo wakati mwizi anaousubiri. Hesabu ya betri nayo si ngumu. Kamera nne hutumia takriban wati 20, ghala la diski mbili wati 25, swichi na ruta wati 15, jumla wati 60. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi isitumiwe kupita nusu ikiwa mwenyewe anataka idumu. Nusu hiyo ni wati-saa 600, zinazotosha saa 10 katika hesabu ya karatasi, na takriban saa 8 baada ya kutoa kiasi kinachopotea ndani ya inverta. Sehemu kubwa ya usiku mmoja inavukika. Jua jingi la Isiolo, linalotajwa juu kuwa adui wa lenzi, hapa ni rafiki, kwani paneli ya sola huweza kuijaza betri hiyo mchana. Aidha, kebo za nje ziwekewe kinga dhidi ya radi na mfumo uunganishwe na ardhi, kwa maana radi moja ya msimu wa mvua huweza kufuata kebo ya langoni hadi kwenye ghala.

Saa ya kamera na saa ya Kiswahili

Kuna jambo moja ambalo kitabu cha maelekezo cha kigeni hakiwezi kulitaja. Kamera nyingi hutengenezwa China, ambako saa iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, na baadhi huwasili zikiwa na saa ya huko. Tukio la saa 20:00 litaandikwa 01:00 ya siku inayofuata, na tarehe itakuwa ya uongo pia. Hatua ya kwanza ya fundi inapasa kuwa kurekebisha saa na kuiagiza kila kamera ichukue majira kutoka kwa ghala, ili zote zikubaliane.

Tatizo halikomei hapo. Hata saa ikiwa sahihi, kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huhesabu kuanzia machweo na mawio. Kamera ikiandika 02:00, hiyo ni saa nane usiku. Shahidi akieleza kwamba alisikia kishindo saa mbili usiku, anamaanisha 20:00. Mtafsiri asiye makini akiandika taarifa ya shahidi huyo kwa Kiingereza kama saa mbili ya Kizungu, ushahidi wa mtu na ushahidi wa kamera utapishana kwa saa sita, na mtuhumiwa atapata mwanya wa kuponyoka au asiye na hatia atatiwa mashakani. Kwa mwanafunzi wa tafsiri, mfano huu unadhihirisha kwamba kosa la neno moja linaweza kuamua kesi.

Ulinzi wa mfumo wenyewe

Kikulacho ki nguoni mwako. Kamera iliyonunuliwa kulinda nyumba inaweza kugeuka dirisha la kuichungulia. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani katika kamera na vinasa vilivyoachwa wazi kwenye intaneti. Vifaa vilivyotekwa vilitumiwa mwezi Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri hazikufikika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa jeshini. Mwaka 2022 programu nyingine, Deadbolt, ilifunga faili ndani ya maghala ya mtandao yaliyofikika kutoka nje, kisha ikadai fidia.

Kinga yake ni hatua chache zinazoweza kutekelezwa siku ya kwanza:

1. Nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla ya kamera kufungwa ukutani, na kila kifaa kipewe nywila yake ndefu.

2. Kamera zisiruhusiwe kufika kwenye intaneti. Zizungumze na ghala pekee. Ruta na swichi nyingi za kisasa huwezesha kutenga mtandao wa kamera na ule wa simu za wageni.

3. Mwenye nyumba anayetaka kutazama akiwa safarini asifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima. Atumie njia ya faragha iliyosimbwa, inayomtaka ajitambulishe kwanza.

4. Programu ya ndani ya kamera na ya ghala isasishwe kila mtengenezaji anapotoa toleo jipya.

5. Akaunti ya msimamizi iwe ya mwenye nyumba. Wengine wa familia wapewe akaunti za kutazama tu, na akaunti ya fundi ifutwe kazi inapokamilika.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na chanzo chake ni lugha. Pale ambapo vitufe na maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi, mwenye nyumba humwachia fundi aamue yote, pamoja na nywila. Fundi akihamia mji mwingine, ufunguo umeondoka naye. Akiwa na nia mbaya, anaitazama nyumba hiyo kila siku. Mwenye nyumba akiwa ameelezwa kwa Kiswahili maana ya akaunti ya msimamizi, anaweza kuuliza swali moja linalotosha: nani mwingine anaweza kuingia?

Sheria na stara

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliifafanua haki hiyo na kuanzisha Ofisi ya Kamishna wa Data. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Sheria hiyo inasamehe shughuli za mtu binafsi zilizo za nyumbani tu. Swali basi ni hili: je, kamera ya nyumbani inayotazama barabara bado ni shughuli ya nyumbani?

Swali hilo liliwahi kufika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Bwana Ryneš wa Jamhuri ya Cheki, ambaye nyumba yake ilikuwa imeshambuliwa mara kadhaa, alifunga kamera mwaka 2007 ikitazama mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba iliyokuwa mkabala. Kioo cha dirisha lake kilipovunjwa tena, picha zilisaidia kuwatambua washukiwa wawili, na mmoja wao akahoji uhalali wake. Tarehe 11 Desemba 2014 mahakama iliamua kwamba kamera inayotazama mahali pa umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya nyumbani tu. Hata hivyo, ilisema kwamba haja ya mtu kulinda mali, afya na uhai wa familia yake ni maslahi halali yanayoweza kuzingatiwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha njia ya kufikiri: kamera ikivuka ua wako, wajibu wako nao unavuka.

Kwa wafanyabiashara jambo liko wazi zaidi. Kanuni za usajili za mwaka 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo wasajiliwe, ila haziwasamehi wanaoendesha mifumo ya kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Kuhusu kusambaza picha, mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha hizo hazikutoka katika kamera za usalama, lakini funzo linawahusu wote wanaopenda kusambaza picha za mtu wanayemshuku kabla ya kumfikisha polisi.

Sheria ya Ushahidi nayo, Sura ya 80, inakubali kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti. Kifungu cha 106B kinahitaji hati ya uthibitisho inayoieleza kumbukumbu hiyo, jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, itiwe saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Kwa hiyo tukio likitokea, mwenye nyumba asihariri picha wala kuzirekodi upya kwa simu. Anakili faili asilia kutoka ghalani, aandike tarehe na saa ya kunakili, na azuie ghala lisizifute. Zile siku 23 au 46 zilizohesabiwa awali ndiyo muda alio nao.

Juu ya sheria kuna stara. Katika mitaa ya Isiolo kama Bulla Pesa, nyua hupakana, na ua ni sehemu ya nyumba: humo wanawake huketi bila buibui, watu hutawadha, na watoto huoga. Kamera iliyofungwa juu ya ukuta wa ghorofa huweza kuondoa stara hiyo kwa siku moja, hata kama mwenyewe hakukusudia. Kamera za kisasa zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi kisichorekodiwa kamwe. Utaratibu wa kiungwana ni kumwita jirani, kumwonyesha kioo, kukifunika kipande cha ua wake mbele ya macho yake, na kuzima kinasa sauti. Kijakazi na mchungaji wanaoishi bomani waambiwe kamera ziko wapi, na vyumba vya kulala na bafu visiwe na kamera kabisa. Bango dogo langoni limtangazie mgeni, kwa Kiswahili, kwamba mahali hapo panarekodiwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfumo wa kamera na ghala la mtandao unaweza kusimikwa Isiolo kwa hesabu ambazo mhitimu wa shule ya upili anazimudu: upana wa mahali, gigabaiti kwa siku, na wati-saa kwa usiku. Pia yameonyesha kwamba vumbi, jua na kukatika kwa umeme vinahitaji maamuzi ambayo hayapatikani katika maelekezo ya kigeni. Zaidi ya yote, yamebainisha kwamba ufunguo wa mfumo ni nywila, na nywila hukaa mikononi mwa anayeielewa lugha ya mfumo.

Hapa ndipo wajibu wa wanataaluma wa Kiswahili unapojitokeza. Orodha za istilahi za teknolojia zimekuwa zikitungwa vyuoni kwa miaka mingi, lakini nyingi hubakia katika maktaba ilhali mafundi wa mitaani hujitungia zao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kufanya jambo la manufaa kwa kuketi na mafundi wa Isiolo, kukusanya maneno wanayoyatumia, na kuandika mwongozo wa kurasa chache ambao mwenye nyumba ataweza kuusoma kabla ya kulipa.